Kisima cha Juu na Kisima cha Ng'ambo

Nakumbuka asubuhi ile kamba ya kisima chetu ilipopandisha ndoo ya tope. Mama mkwe wangu aliinamisha ndoo, tope likateremka polepole kama uji uliolala, naye akabaki akilitazama kama mtu anavyoutazama mguu wake uliovimba. Aliifungua kamba kutoka kwenye ndoo, akaikunja, akaitupia begani. Mimi nilikuwa mke kijana, mtoto mgongoni, na sikujua kwamba kabla jua halijasimama utosini nitakuwa nimesikia karipio ambalo mpaka leo, meno yamenipungua, bado nalitafuna.

Mwanangu, sikukuita hapa kwa mazungumzo ya kupoteza muda. Mwezi huu wamekuja wapimaji, wa kwetu na wa Burundi, wameshuka kwenye gari moja. Wana waya mrefu wenye alama, wanaushusha kisimani, nao ukigusa maji unalia. Wametuambia kwamba maji yaliyo chini ya milima hii ni mamoja, yamelala ndani ya mwamba unaoanzia kwetu na kwisha kwa wenzetu. Hakuna bado anayejua ni mengi kiasi gani, wala yanapungua upesi kiasi gani. Kwa hiyo kila kijiji, huku na huko, kitoe kijana wa kupima kisima asubuhi na kutuma kipimo kwa simu. Kwetu umechaguliwa wewe. Nilifurahi, sikatai.

Lakini kwenye kikao kile nilikuwa nimekaa nyuma yenu, na masikio yangu bado ni mazima. Mmoja alikwambia, "Wewe punguza kidogo, tuonekane tuna shida, tuletewe bomba." Mwingine akasema, "Acha ujinga, ongeza. Ukipunguza, wa ng'ambo watasema sisi ndio tunaomaliza." Mkacheka, nawe ukacheka. Mimi sikucheka. Sasa kaa, nikueleze kwa nini.

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Ujiji mtu hamuulizi mwenzake habari za maji. Ziwa liko pale. Ukitaka kuoga unashuka, ukitaka kuosha dagaa unashuka, ukishiba maji unaligeuzia mgongo. Nilipoolewa nilipandishwa boti mpaka Kagunga, na kutoka Kagunga tukapanda mlima mpaka magoti yangu yakakataa, ndipo nikafika kwa mume wangu. Ziwa lilibaki chini, linang'aa, unalitazama kama unavyotazama chakula cha jirani. Kushuka kuchota na kupanda nalo ilikuwa kazi ya kutwa nzima, na ndoo yenyewe inafika nusu. Watu wa kule juu walikunywa kisima.

Wanawake walinicheka sana siku za mwanzo. Nilikuwa namwaga maji ya kunawa kana kwamba ziwa liko mlangoni. "Mwana wa dagaa," wananiita, "hapa maji hayana mawimbi, hayatakufuata ndani." Nilikasirika kidogo, kisha nikajifunza. Mgeni asipochekwa atajuaje?

Kisima kilikuwa cha ukoo wa mume wangu, na kamba yake ilitunzwa na mama mkwe, Mama Anastazia. Mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa na miiba. Kamba ile ilikuwa na mafundo. Ukishusha ndoo unahesabu mafundo yanayopita ukingoni mpaka usikie ndoo inagusa maji. Hivyo ndivyo tulivyojua maji yamepanda au yameshuka. Maji yakishuka sana kamba inakuwa fupi, basi inaongezewa kipande.

Ng'ambo ya bonde ni Burundi. Mpaka wenyewe ni kijito, ambacho kiangazi unakivuka bila kulowesha kisigino. Wao nao walikuwa na kisima chao, chini kidogo kuliko chetu, na kamba yao aliitunza mwanamke anayeitwa Kandida. Tulioana nao, tulizikana nao. Kiha chetu na Kirundi chao ni kama ndugu wa baba mmoja na mama wawili. Mnasikilizana, ila kila mmoja anaona mwenzake anatamka vibaya.

Sasa palikuwa na desturi. Wanawake wa huku na wa kule wakikutana kijitoni, baada ya kusalimiana, wanaulizana, "Kisima kimelalaje?" Na jibu ni moja tu: "Kimelala vizuri." Mvua iwepo isiwepo, kimelala vizuri. Kisima kilikuwa chungu cha nyumba, na nani anayefunua chungu chake mbele ya watu awaonyeshe kwamba hakina kitu? Mke aliyesema kisima cha ukweni kimepungua alihesabiwa amewavua nguo wakwe zake. Nilifundishwa hivyo wiki ya kwanza kabisa, kabla hata sijajua njia ya kwenda shambani.

Basi kikaja kiangazi ambacho hakikutaka kwisha. Mawingu yalikuwa yanakuja juu ya ziwa, yanageuka, yanakwenda Kongo. Kisima chetu kikaanza kushuka. Mama Anastazia akaongeza kipande cha kamba ya katani, kipya, cheupe. Kamba ya zamani ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi. Tukaenda kijitoni. "Amahoro. Kisima kimelalaje?" "Kimelala vizuri. Chenu?" "Na chetu kimelala vizuri." Tukaagana tukitabasamu.

Wakati huo wa ng'ambo walikuwa wanafyatua matofali. Walitaka kujenga darasa, watoto wao waache kusomea chini ya miti. Kufyatua matofali kunakula maji, mwanangu, kunakula kuliko harusi. Kila siku tuliona moshi wa tanuri lao, na kila siku mafundo yaliyopita ukingoni kwetu yaliongezeka. Shemeji yangu Gervas, kaka mkubwa wa mume wangu, akaanza kusema maneno mabaya. Kwamba Warundi wamechimba kisima chao kikaingia chini yetu. Kwamba wanatunyonya. Mwanzoni alisema peke yake akinywa pombe ya ndizi. Baadaye wanaume wengine walianza kuitikia.

Mume wangu hakuwepo, alikuwa Kagunga kwenye mitumbwi. Mtoto wetu wa kwanza, Veronika, alikuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta. Maji ya kisima yalipoacha kututosha tulichota kwenye dimbwi la bondeni, mahali mbuzi wanaponywa. Tulichemsha tulipopata kuni. Tulipokosa tulichuja kwa kitambaa tukamwachia Mungu. Veronika akaanza kuharisha. Siku ya kwanza nilisema ni meno. Halafu macho yake yakaingia ndani, na kilio chake kikawa kidogo, kama cha mtoto wa paka aliye chumba cha pili.

Na hata hivyo kijitoni tuliendelea kujibu kwamba kimelala vizuri. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo tuliijua sote. Kuijua methali na kuifuata ni safari mbili.

Ndipo ikafika asubuhi ile ya tope. Mama mkwe akiwa bado ameinamia ndoo, Gervas alipita na wanaume wamebeba mawe vichwani na mabegani. Mama Anastazia akamuuliza bila kugeuka.

"Mawe hayo mnajenga wapi?"

"Hatujengi, mama. Tunakwenda kuziba."

"Kuziba nini?"

"Kisima chao. Wakikosa chao, chetu kitarudi."

"Nani amekwambia?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu," alisema mama mkwe. "Huyo kila mtu mwambie aje anieleze mimi niliyechimba hiki na baba yako." Ndipo alipoikunja kamba, akaitupia begani, akaniambia, "Funga mtoto vizuri. Twende."

Tuliteremka mbio, tukawaacha wanaume wanatafuta mawe zaidi. Njiani nilielewa anakokwenda, na hofu ikanishika. Unajua mimi nilikuwa mke mpya, nilikuwa najifunza kuwa na adabu ya nyumba ile, na sasa mwenye nyumba mwenyewe anakwenda kuifunua. Nikamwambia, "Mama, tukiwaonyesha kamba hii wataona aibu yetu."

Alisimama. Alinigeukia, akanitazama kwanza mimi, kisha akaushika mguu wa Veronika uliokuwa unaning'inia kwenye kitenge. Akaufinya kwa vidole viwili, ngozi ikabaki imekunjika.

"Aibu yetu ni hii," akasema. "Hii uliyoibeba mgongoni. Inakufa kwa maneno mazuri tuliyokuwa tunayasema hapa kila siku. Mimi nimeyasema kuliko wewe. Lakini wewe ndiye mama yake, na badala ya kunisukuma niende upesi, unanishika nguo. Unamlinda nani? Kisima hakina uso, hakioni haya. Mimi na wewe ndio tunaoona haya, na mtoto ndiye anayelipa."

Nilikaza kitenge, nikamfuata. Tukavuka kijito.

Kandida alikuwa anakanyaga udongo wa matofali, gauni limefungwa magotini, na wanawake wengine wanamwagia maji. Alipomwona mwenzake alicheka. "Amahoro, Anastazia. Umekuja kutusaidia kukanyaga? Miguu yako myembamba itapotea humu." Kisha, kwa desturi, akauliza, "Kisima kimelalaje?"

"Kimekufa," alisema mama mkwe.

Wanawake waliacha kumwaga maji. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mama Anastazia akaitandaza kamba yetu chini, yote, kutoka fundo la kwanza mpaka kile kipande cheupe cha katani, na mwisho wake umelowa tope. Kandida alitoka kwenye udongo, akaitazama kamba muda mrefu. Kisha akamtuma binti yake akalete kamba yao. Ikatandazwa sambamba na yetu.

Mwanangu, nayo ilikuwa na kipande kipya. Cheupe, cha katani, kimefungwa juzijuzi.

"Mbona mlikuwa mnatuambia kimelala vizuri?" Kandida aliuliza, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Tuliona chetu kinashuka, tukadhani ni ugonjwa wa kisima chetu. Tukasema, maadamu cha juu kimelala vizuri, maji yapo mlimani, yatatufikia. Tukaendelea kuchota."

"Na ninyi mlituambiaje?" alisema mama mkwe.

Kandida alikuja nyuma yangu, akafunua kitenge, akamwona mtoto. "Mwana wanje," alisema, "mwanangu," akamtoa mgongoni kwangu kwa mikono yake yenye udongo, akaita wenzake walete maji waliyochemsha na chumvi. Walimnywesha kwa kijiko. Alitapika, wakamnywesha tena.

Gervas na wenzake walitukuta hapo, mawe mabegani. Mume wa Kandida naye akaja mbio na wafyatua matofali, kila mmoja na koleo lake. Pakawa na kelele, na maneno yaliyosemwa siyarudii mbele yako. Gervas alimwambia mama yake, "Umetuuza." Mama Anastazia alikuwa amekaa chini kando ya zile kamba mbili, wala hakusimama.

"Weka mawe chini uone," alisema. "Chao kimeshuka kama chetu. Mtu anayeiba anapungukiwa?"

"Wao wanachota zaidi, wanafyatua matofali."

"Hilo ni kweli," alisema mume wa Kandida, na sikutegemea angesema. "Lakini ninyi mngesema, tungeacha. Sasa mnakuja na mawe. Darasa la watoto liishie kwenye msingi kwa sababu ninyi mna haya?"

Walibishana mpaka koo zikakauka. Mwisho Kandida ndiye aliyesema neno. Matofali yasimame mpaka mwezi mpya uonekane. Kila asubuhi kila upande uteremshe kamba mbele ya mtu wa upande wa pili, wahesabu pamoja, pasiwe na wa kusema kimelala vizuri. Tuone kama kwao wakiacha kuchota kwetu kunapanda. Kama hakupandi, basi wabaya si wao, tutafute sababu nyingine. Kama kunapanda, tutajua tunakunywa chungu kimoja.

Kwetu alikuja binti wa Kandida. Kwao alikwenda Gervas mwenyewe, mama yake alimchagua kwa makusudi. Siku za mwanzo maji hayakusogea, na Gervas alirudi jioni amekunja uso, nikaona anayatamani yale mawe. Kisha fundo moja likabaki juu bila kupita ukingoni, halafu jingine. Maji yalikuwa yanapanda, yenye rangi ya chai, lakini maji. Na kule kwao nako yalipanda. Walipojaribu kufyatua matofali tena kidogo, ili wahakikishe, yetu yalishuka kabla ya yao. Gervas alihesabu kwa mkono wake, akahesabu tena. Hakuomba radhi kwa mtu, hakuwa mtu wa hivyo. Ila tangu siku ile sikumsikia tena akisema "maji yao".

Veronika hakuona mwezi ule mpya.

Alijikaza kidogo baada ya maji ya Kandida, akaninyooshea hata mkono. Kisha usiku akazimika. Dawa ilikuwa Kigoma, na Kigoma ilikuwa mbali. Mtu aliyekwenda Kagunga kumwita baba yake alikuta amekwisha kuingia ziwani. Wanawake wa ng'ambo walivuka kijito kuja kulia nasi, kila mmoja na chungu cha maji kichwani, kwa ajili ya kupikia waliokuja msibani, maana walijua cha kwetu hakitoshi. Mama Anastazia alivipokea vile vyungu kimoja baada ya kingine, akavipanga ukutani. Halafu akakaa karibu yangu, akasema polepole, "Tulichelewa." Hakusema "ulichelewa". Neno hilo moja lilinifanya nimpende mpaka nilipomzika.

Sikwambii haya unihurumie. Nilizaa wengine, mmoja wao ndiye aliyekuzaa wewe. Nakwambia ujue uongo wa maji unaua namna gani. Hauui kama panga. Ulikuwa uongo wa adabu, wa kutabasamu, ambao hata mama wa mtoto aliufundishwa akauona ni heshima. Mume wa Kandida hakumwua mwanangu, na Gervas na mawe yake hakumwua. Sisi wa huku na wa kule tulikuwa na vipimo viwili vya kweli, kila mmoja amekificha chake ndani, na kati yetu ikabaki kauli moja isiyo ya kweli. Kwa kauli hiyo wao walichota, na kwa kauli hiyo sisi tulibeba mawe.

Sasa nisikilize vizuri, maana nasema mara moja.

Kesho ukishusha waya wao, andika kile ulichokiona. Usipunguze tuhurumiwe. Usiongeze tuheshimiwe. Wapimaji hawa hawatazami kisima chetu peke yake; wanaunganisha chetu na cha ng'ambo na vingine vilivyo mbali ambavyo mimi na wewe hatutavifikia, ili wajue chungu chote kina nini. Ukitia uongo kwenye kipimo kimoja umeutia kwenye chungu chote, na atakayekunywa humjui. Anaweza kuwa mtoto wa Kirundi anayeanza kusimama kwa kushika ukuta.

Wakikwambia pima asubuhi kabla watu hawajachota, pima asubuhi. Ukiumwa, sema unaumwa, usitunge kipimo kitandani. Siku wenzako watakaponong'ona tena nyuma ya kikao, usicheke nao. Waambie bibi yangu amekataa. Nitaje mimi, sina wa kumwogopa.

Na kijana wa ng'ambo aliyechaguliwa kama wewe, mtafute. Namba yake unayo kwenye simu, hukosi. Msisubiri wakubwa waite mkutano ndipo mjuane. Mwulize kipimo chake, mpe chako. Vikishuka pamoja semeni pamoja, mapema, mngali na maji ya kunywa wakati mnabishana. Mkisubiri tope mtabishana mkiwa na mawe. Mtu akikwambia yule si wa nchi yetu, mwitikie, ni kweli, si wa nchi yetu. Nchi ni ya juu, ina bendera na mipaka na mimi naiheshimu. Chini ya nchi kuna maji, nayo hayakuulizwa.

Ukiona haya kusema kwamba kwetu kumepungua, ona haya kisha useme. Haya haijamwua mtu aliyesema. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nililia.

Basi nenda. Mungu akupe jicho linaloona kilichopo na ulimi usiokipamba. Akupe jirani wa kweli huko uendako, nawe akufanye jirani wa kweli kwake. Watoto utakaowazaa wanywe maji safi mpaka waote mvi, wakuzike wao, wewe usimzike hata mmoja. Amina.